Akisema Moja, Ondoa Tatu

Mheshimiwa Bwana Harlan Pruett, Makamu wa Rais wa Kampuni ya Halvena, uliyekaa angani saa kumi na tatu kuja kutufungia mlango, Ndugu Geng, mwakilishi wa kampuni inayotununua, ambaye kuanzia saa kumi na moja jioni ya leo viti tunavyokalia vitakuwa vyako, Mzee wetu Fang Delin, mkuu wa Chumba cha Tano, unayestaafu leo, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa ofisi ya Beijing, na wewe ambaye jina lako halimo kwenye orodha ya wageni, ila hujawahi kukosa kikao chetu hata kimoja: nawasalimu nyote, na ninawaomba muendelee kula. Jiaozi, hivi vifuko vya unga vyenye nyama ndani, zikipoa unga wake hushikana. Anayefika hupikiwa tambi, anayeondoka hupikiwa jiaozi, ndivyo mama zetu walivyotulea. Leo sina hakika nani anaondoka na nani anaachwa, kwa hiyo kuleni wote.

Nimepewa dakika kumi za kumsifu Mzee Fang. Nimechaguliwa kwa sababu meza yangu imetazamana na yake kwa miaka sita, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe wiki iliyopita akipanga ratiba hii, "Shen mdogo si msemaji, hatatuaibisha." Mzee, niwie radhi mapema.

Sifa ya kwanza ya Mzee Fang ni kwamba katika miaka sita hakuna aliyewahi kumkaripia. Wakuu wa ofisi nyingine za jengo hili wameitwa na polisi kunywa chai, ndivyo tunavyoita kuhojiwa, wengine mara mbili, mara tatu, na wakarudi na nyuso za watu wasiotaka chai tena maishani. Yeye hakuitwa hata mara moja. Bwana Pruett, umekuja Beijing mara nne na hujawahi kuingia Chumba cha Tano, kwa hiyo niruhusu nikueleze sifa hiyo ilipatikanaje.

Chumba cha Tano kina meza nne, tangi la samaki, na simu ya kijivu karibu na dirisha. Simu ile ikilia, hatuulizi nani mwenzetu. Sauti haijitambulishi. Inataja neno, au jina la mtu, au la mji, halafu inakata. Hakuna barua, hakuna muhuri, hakuna namba ya kupiga kuuliza. Aliyepokea anafungua kitabu cha simu, kile kikubwa chenye jalada la kijani, anaandika saa, neno, hatua iliyochukuliwa, na sahihi yake. Ndani ya dakika kumi, mtu yeyote katika nchi hii akiandika neno lile kwenye ukurasa wetu wa kutafuta mtandaoni, ataletewa picha za milima. Serikali haina karatasi hata moja. Karatasi zote ni zetu, kwa mwandiko wetu.

Wiki yangu ya kwanza nilimuuliza, "Mzee, tunajuaje kama ni wao kweli?"

Akafunua kifuniko cha kikombe, akapuliza majani ya chai yaende pembeni. "Shen mdogo, ukishauliza hivyo, wao ndio watakujua wewe."

Chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti, kama mgeni anayetaka kupendwa.

Akanifundisha pia kanuni ambayo nyote humu mnaijua kwa moyo: akisema moja, ondoa tatu. Kwa nini tatu? Kwa sababu sauti haisemi mpaka uko wapi, na asiyeonyeshwa mpaka hurudi nyuma hatua tatu ili asiukanyage. Na siku ambazo simu haikulia, tulifanya nini? Tulifungua ukurasa wa kampuni ya Ndugu Geng, tukaandika maneno mia mbili moja baada ya jingine kuona yeye kaficha lipi, ili nasi tulifiche kabla hatujaambiwa. Baadaye tukagundua kwamba watu wa Ndugu Geng nao kila asubuhi wanaandika maneno kwenye ukurasa wetu. Mnakumbuka lile daraja la Hunan? Mashine yao iliharibika siku moja, jina la daraja likakosa majibu, sisi tukadhani ni amri, tukaliondoa. Wao mashine yao ilipopona, wakaona sisi tumeliondoa, wakaliondoa. Kwa miaka miwili watu wa Hunan walivuka daraja ambalo halipo. Hakuna aliyepiga simu. Hakuna aliyekataza. Sisi na wao tulikuwa tumeogopana wenyewe kwa wenyewe, na tukaita hali hiyo kufuata sheria za nchi.

Hicho ni kichekesho, na Ndugu Geng anacheka. Sasa naja kwa kijiji cha Baiyan, na sitarajii mtu acheke.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tano, simu ililia na mimi ndiye niliyeipokea. Sauti ilitaja jina la mtu mmoja, Hao Tiesuo, mkulima wa Baiyan, aliyekuwa ameandika malalamiko kwamba kiwanda cha betri kilichojengwa upande wa juu wa kijiji kinawaua watoto polepole. Jina moja tu. Nikaandika. Nikamtazama Mzee Fang. Aliinua vidole vitatu tu. Basi nikaongeza mawili. La pili, jina la kiwanda. La tatu lilinijia mwenyewe, na wakati ule nilijiona mwerevu: sumu ya risasi kwa watoto. Risasi, yale madini yanayotiwa ndani ya betri. Nililiondoa nchi nzima.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na nimekaa nayo miaka mitatu bila kumwonyesha mtu. Sauti ilitaka moja. Mawili yalikuwa yetu. Jina la ugonjwa halikuombwa na serikali, halikuombwa na polisi, halikuombwa na mwenye kiwanda. Lilitolewa bure, na msichana mwenye shahada mbili, kwa kidole hiki.

Mwezi wa kumi mwaka ule, siku ya Jumanne, mama mmoja aliingia mapokezi na mfuko wa matunda ya peasi. Jina lake Luan Guizhi. Alikuwa amesafiri muda wa saa kumi na moja kwa treni ya viti vigumu. Kwetu, shida ikishindikana wilayani, mtu hupanda treni kuja Beijing, hupanga foleni kwenye dirisha la ofisi ya malalamiko na karatasi zake mkononi. Mama huyu alidhani kampuni ya kutafuta nayo ina dirisha.

"Nimekuja kutafuta," alimwambia dada wa mapokezi.

"Unamtafuta nani?"

"Sitafuti mtu. Natafuta majibu. Si hapa mnapotafuta?"

"Tunatafuta kwa kompyuta, dada. Unaandika hukohuko kwenu."

"Nimeandika! Mara kumi na saba. Mgahawa wa intaneti mjini kwetu wameshanizoea, nikiingia tu wananivutia kiti."

Nikaitwa nishuke, kwa sababu Chumba cha Tano ndicho kilichozoea mambo yasiyo na jibu. Akatoa karatasi ndani ya koti, ukurasa wetu aliouchapisha. Picha za milima, tangazo la mbolea, na chini kabisa, alipopigia mstari kwa penseli nyekundu, maneno haya: *Kwa mujibu wa sheria na kanuni, baadhi ya matokeo hayaonyeshwi.*

Bwana Pruett, unaufahamu mstari huo. Uliupigania. Kwenye ripoti yenu ya mwaka umewekwa ndani ya kisanduku cha bluu kama ushahidi wa uaminifu wenu: washindani wanaficha kimyakimya, sisi tunaficha na kusema tumeficha. Mlipewa tuzo kwa mstari ule. Nami nakwambia kwamba katika miaka sita, mtu mmoja tu aliusoma na kuuamini, naye alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika mfuko wa peasi.

"Mdogo wangu," aliniambia, "hapa mmeandika hayaonyeshwi. Hamkuandika hayapo. Basi yapo. Nionyeshe mimi peke yangu. Sitamwambia mtu."

Ungemjibu nini, Bwana Pruett? Kisanduku cha bluu kingemjibu nini?

Mzee Fang alishuka. Alimletea maji ya moto mwenyewe, kwa mikono miwili, hilo ni lazima niliseme. "Dada mkubwa, umechoka. Kunywa. Hii ni mashine tu, haina cha kuficha."

Mama akamtazama toka viatuni mpaka kichwani. "Kaka, mimi nauza peasi. Mteja akiniuliza za chini ya kapu zikoje, simwambii kapu langu halina chini."

Kisha akanigeukia mimi. Akasema mwanawe anaitwa Doudou, ana miaka minne. Alikuwa anajua maneno mengi, sasa yanampotea. Tumbo linamsokota. Ufizi umepata mstari wa bluu. Hospitali ya wilaya wanasema minyoo. "Wewe una macho ya mtu aliyesoma. Ni nini hicho?"

Nilijua ni nini. Ghorofa tatu juu ya kichwa chake, kwenye kitabu cha kijani, jina la ugonjwa wa mtoto wake lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wangu, na sahihi yangu chini.

Nikamwambia, "Sijui, dada."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hawakutuambia mgonjwa afanyeje pale maradhi yake yanapofichwa na watu wengine, tena watu wenye chakula cha mchana cha bure na bima ya meno. Mama Luan alituachia peasi, akasema mfuko ni mzito kurudi nao. Tulizila, wenzangu. Mnakumbuka zilivyokuwa tamu? Hakuna aliyeuliza zimelimwa wapi.

Miezi kumi na moja baadaye nilienda kwenye simu ya dukani, nikapiga namba aliyoiacha mapokezi. Nikasema, "Mpeleke mtoto akapimwe damu, mwambie daktari atazame risasi."

Akajibu, "Wewe ni yule wa yasiyoonyeshwa."

"Ndiyo, dada."

"Umechelewa, mdogo wangu. Tulipima mwezi wa tatu, mkoa wa jirani." Hakunitukana. Laiti angenitukana. "Asante kwa kupiga," alisema, na nikamsikia akimwambia mtu mwingine aondoe sufuria motoni.

Doudou ana miaka saba sasa. Hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Hao Tiesuo anamaliza mwaka wa tatu gerezani kwa kosa la kuchochea fujo. Kiwanda kimehamia kijiji cha jirani.

Mzee Fang si mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, hotuba hii ingekuwa fupi na chakula kingekuwa bado cha moto. Nilipougua mapafu, ndiye aliyeniletea uji wa mtama siku tisa mfululizo, akipanda ngazi ghorofa sita na magoti yale. Mwenzetu alipofiwa, ndiye aliyezunguka na bahasha. Nimejiuliza mara nyingi: mtu anayebeba uji ngazi zote hizo anainuaje vidole vitatu? Na jibu ninaloliona ni kwamba uji aliubeba kwenda kwa mtu anayemjua uso. Vidole aliviinua juu ya watu ambao mashine imewageuza kuwa maneno. Mimi mwenyewe sikuwa tofauti. Nilihitaji mama akae kwenye treni muda wa saa kumi na moja ndipo nielewe kwamba neno lina mama.

Wiki tatu zilizopita makao makuu yalitangaza kwamba Halvena inaondoka China kwa sababu ya dhamiri. Nilisoma magazeti ya kwenu, Bwana Pruett. Wanawasifu. Wanasema ni mara chache kampuni kubwa huacha soko kubwa kwa ajili ya kanuni. Dhamiri gani hiyo iliyolala fofofo miaka sita, ikaamka mwaka ule ule ambao Ndugu Geng alitushinda kwa watumiaji watatu kwa mmoja wetu? Mlipokuja mlituambia heri watu wapate kidogo kuliko kukosa kabisa. Mkatuachia sisi kuamua kidogo hicho ni kipi. Hamkutaka kuziona orodha, mlitaka kuona ofisi haikaripiwi. Na sasa mnanawa mikono kwenye beseni, na maji machafu mnatuachia sisi chumbani.

Na kuna kitu mnakiacha ambacho ni kibaya kuliko maji. Kila aliyewahi kuandika neno lililofichwa, tulihifadhi saa aliyoandika na mashine aliyotumia. Mgahawa wa intaneti, kama kila mtu hapa anavyojua, haukupi kiti kabla hujaonyesha kitambulisho, na unaandika saa na mashine yako. Weka karatasi hizo mbili pamoja, unapata jina. Katika Baiyan na vijiji viwili vya jirani, watu mia nne thelathini na wanane waliandika sumu ya risasi, au jina la Hao Tiesuo, au yote mawili. Mama Luan ni mmoja wao, mara kumi na saba. Kumbukumbu zao zimo kwenye mkataba wa mauzo, ukurasa wa tisa, baada ya viti na kabla ya tangi la samaki.

Nimewaandikia makao makuu mara tatu nikiomba zifutwe kabla ya makabidhiano. Mara ya kwanza nilijibiwa kwamba idara ya sheria inalitafakari. Mara ya pili, kwamba idara ya sheria bado inalitafakari na inathamini moyo wangu. Mara ya tatu, juzi, niliambiwa nizingatie kwamba kumbukumbu ni sehemu ya mali iliyouzwa. Ndugu Geng angalau alikuwa mkweli. Nilimkuta ndani ya lifti nikamuuliza mtazifanyia nini. "Dada Shen, sisi hatuna haja ya kuzisoma," alisema. "Ila tukiombwa, tutampa aliyeomba." Ulisema hivyo, Ndugu Geng, na nakushukuru kwa kutonizungusha. Yule aliyemfunga Hao Tiesuo anajua kuomba.

Basi nifike mwisho, maana dakika kumi zangu zimekwisha na jiaozi zimeshikana.

Leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, nikiwa peke yangu Chumba cha Tano, simu ya kijivu ililia.

Sauti haikujitambulisha. Ilisema: futeni kumbukumbu za Baiyan. Ikakata. Nikafungua kitabu cha kijani, nikaandika saa, nikaandika neno, nikaweka sahihi. Na kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa Mzee Fang, na sauti ilisema moja, niliondoa tatu. Niliondoa kumbukumbu za Baiyan. Niliondoa za wilaya nzima. Kisha nikaondoa za kila mtu katika nchi hii aliyewahi kuandika neno lolote lililomo kwenye kitabu chetu, tangu ukurasa wa kwanza. Kwenye seva za hapa, kwenye nakala za Tianjin, na kwenye kanda za akiba kabatini. Dakika kumi hazikutosha, nilimaliza saa tano na nusu, na kwa ucheleweshaji huo naomba radhi.

Ndugu Geng, usinitazame hivyo. Unataka kuuliza kama simu ililia kweli? Uliza. Umpigie nani? Namba gani? Uko tayari wewe, au kampuni yako, kuwa mtu wa kwanza katika mji huu kuuliza kama ni wao kweli? Bwana Pruett, mkalimani wako ameacha kutafsiri. Nitasema polepole ili amalizie. Miaka sita mmetutaka tutii sauti isiyo na jina, bila karatasi, bila swali, na mkaiandika kwenye ripoti kama kuheshimu sheria za nchi. Leo nimetii. Anayesema haikulia na alete karatasi.

Kitabu kiko pale mezani, kando ya chupa ya siki. Sahihi ni moja, ni yangu. Mzee Fang, kwa desturi ulikuwa unaweka yako chini ya yangu. Leo sikukusubiri, na jina lako halimo popote kwenye ukurasa wa leo. Nenda kastaafu. Naona mkono wako uko juu ya meza na sijui unahesabu nini, lakini vidole vimeinuka vitatu, na ni mara ya kwanza nimefurahi kuviona.

Mimi nimekula jiaozi kumi na mbili, kwa sababu sijui jioni hii nitapelekwa wapi kunywa chai. Nitakuwa mapokezi, kwenye kiti alichokalia Mama Luan. Atakayekuja kunitafuta hatahitaji mashine.

Namshukuru Bibi Tao wa jikoni aliyezifinyanga hizi jiaozi tangu alfajiri. Namshukuru dada wa mapokezi aliyeitunza ile namba ya simu wakati angeweza kuitupa. Na ninyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza bila kuondoa neno.